Chatu kizimbani: nani hasa mshitakiwa?

Aprili 2009 Malindi iliingia kwenye magazeti ya dunia kwa habari ambayo hakuna mwenye hoteli angeichagua. Meneja wa shamba moja upande wa Sabaki alikanyaga kitu laini, na kabla hajajua ni nini, chatu alikuwa keshamzonga mguu. Akamburuta mpaka juu ya mti. Yule bwana alimuuma nyoka mkiani, akamfunika kichwa kwa shati asije akaanza kumeza, na chatu alipolegeza kidogo akachomoa simu mfukoni akapiga. Polisi na wanakijiji wakaja, wakamtia chatu kamba, wakavuta, mtu na nyoka wakaporomoka pamoja. Wahariri wa London walichekelea: mtu kamuuma nyoka!

Habari hiyo ilikuwa na nusu ya pili, iliyopewa mistari miwili mitatu mwishoni. Chatu alitiwa magunia, akapelekwa mahali pa kuhifadhia nyoka mjini, na kulipokucha hakuwepo. Kesha­toroka. Wengi waliichukua kama kichekesho cha nyongeza. Mimi naona hapo ndipo habari yenyewe ilipokuwa. Kukanyaga chatu kando ya mto ni balaa linaloweza kumpata yeyote anayelima pale. Lakini chatu akipotea mikononi mwa watu waliokubali kazi ya kumlinda, tusizungumze tena habari ya bahati. Pana mlango hapo, pana kufuli, na pana mtu aliyetakiwa kuhakikisha.

Hoja yangu ni kwamba huku kwetu chatu wa porini huhukumiwa kwa panga papo hapo, ilhali chatu wa kizimbani hakuna anayemuuliza hali. Tungebadilisha, tukamwachia wa porini nafasi yake na tukambana mwenye kizimba kwa maswali, tungepunguza hatari na dhuluma kwa pamoja.

Nianze na wa porini. Chatu wa Afrika ndiye nyoka mkubwa kuliko wote barani. Wanaoonekana mara nyingi wana urefu wa mita 3 au 4. Wa mita 5 wapo, ila wachache. Ukisimuliwa barazani chatu wa mita 10, mwongeze msimulizi kahawa lakini usimwamini. Bustani ya wanyama ya Bronx, New York, iliwahi kuweka zawadi kwa atakayeleta nyoka hai wa futi 30, yaani mita 9 na kidogo. Dau likapandishwa mpaka dola 50,000. Miongo ikapita, hakuna aliyelichukua, na mwaka 2002 likafutwa. Nyoka ana tabia ya kufupika akiona futi ya kupimia.

Hana sumu. Hunasa kwa meno yaliyopinda nyuma, kisha hujiviringa. Wengi tulikua tukiambiwa kwamba huvunja mifupa, au humzuia windo kuvuta pumzi mpaka afe. Mwaka 2015 Scott Boback wa Chuo cha Dickinson, Marekani, pamoja na wenzake, walipima panya waliokabwa na boa, ambaye ni mkabaji wa Amerika, wakaona kwamba kinachokatika kwanza ni mzunguko wa damu. Presha inaanguka katika sekunde chache na moyo unavurugika kabla pumzi haijaisha. Miaka mitatu nyuma walikuwa wameonyesha kwamba boa huyahisi mapigo ya moyo wa windo, na huendelea kubana mpaka yakome. Anayekabwa sawasawa na chatu mkubwa hana dakika za kufikiri. Nitalirudia hili nikifika kizimbani, kwa sababu wako watu wanaomvisha mgeni chatu shingoni kwa picha huku wakimwambia asiogope, amezoea.

Je, ni hatari kwa binadamu? Ndiyo, na sipendi kundi la wanaojibu kwamba ukimwacha naye atakuacha. Yule meneja wa Sabaki hakuwa amemchokoza mtu. Mwaka 2011 Thomas Headland na Harry Greene walichapisha habari za Waagta wa Ufilipino, watu walioishi kwa kuwinda msituni: asilimia 26 ya wanaume wazima walikuwa wamewahi kushambuliwa na chatu. Kule Sulawesi, Indonesia, tangu 2017 kumekuwa na watu waliokutwa ndani ya tumbo la nyoka. Huyo lakini ni chatu wa Asia, mrefu kuliko wetu. Kwetu sisi anayepeleka watu wodini ni kifutu aliyelala njiani, ni swila, ni koboko wa kwenye mkorosho. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na hesabu hiyo ni ya sumu. Chatu hamo.

Ila aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na chatu ni mnene kuliko ung'ongo. Akionekana karibu na banda, panga hutangulia. Namwelewa mwenye panga. Ana watoto, ana kuku, na hana muda wa kusomewa somo la ikolojia. Ninachomwomba atazame ni kile kilichomleta chatu pale. Sabaki ikifurika masika, mashimo ya kando ya mto hujaa maji na kila kilichokuwa ndani hupanda nchi kavu, ambako ndiko tulikojenga. Kichaka kikifyekwa, paa na kanga huhama, chatu hubaki na njaa. Halafu sisi tunaacha jaa nyuma ya nyumba, jaa linazaa panya, na panya ni chakula. Chatu mdogo anaishi kwa panya miaka yake ya mwanzo yote. Anayeweka mahindi ghalani na kumuua kila chatu anayemwona anajiongezea kazi kwa mikono yake.

Kuna jambo jingine ambalo naona aibu kwamba halisimuliwi shuleni. Mwaka 2018 Graham Alexander, mtaalamu wa Afrika Kusini, alichapisha matokeo ya miaka aliyowafuatilia chatu wa kusini mwa Afrika kwenye mashimo yao ya kutagia. Jike huacha kula. Kila siku hutoka mlangoni pa shimo kuota jua mpaka mwili wake unafika karibu nyuzi 40, kiwango ambacho kwa nyoka ni kando ya kifo, na ngozi yake hugeuka nyeusi ili ivute joto zaidi. Akishapata moto huingia ndani kuyazungukia mayai ayapashe. Makinda yakianguliwa hayatawanyiki mara moja. Hulala usiku ndani ya mikunjo ya mama yao kwa kama wiki mbili. Mpaka amalize amekaa karibu miezi sita bila mlo na amepoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Ukikutana na chatu jike amekonda, mweusi, hataki kuondoka mdomoni mwa shimo, huenda unamwona mzazi aliye zamuni. Mwache. Ukimuua unaua na mayai 30 au 50 kwa mkupuo mmoja.

Sasa twende kizimbani. Mji huu ni mkongwe katika biashara ya maajabu. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, wakubwa wa ikulu wakamwona ni mnyama wa heri aliyetajwa kwenye ngano zao. Tunajisifia twiga yule hadi leo, na sijamsikia anayeuliza alilishwa nini chomboni. Tabia hiyo haijatutoka. Mtalii analipa kiingilio, anaona chatu kwenye kioo, anapiga picha, anaondoka, na sisi tunahesabu kiingilio.

Tukio baya kuliko yote ninayoyajua la chatu wa Afrika halikutokea Sabaki wala Tana. Lilitokea Agosti 2013 katika mji wa Campbellton, mkoa wa New Brunswick, Kanada, nchi isiyo na chatu hata mmoja porini. Watoto wawili ndugu, mmoja wa miaka 4 na mwenzake wa miaka 6, walikwenda kulala kwa rafiki yao, katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Chatu aliyefugwa humo alipata njia kupitia tundu la hewa, akapita darini, dari ikashindwa uzito wake, akaangukia chumba walimolala. Asubuhi walikutwa wamekufa. Kila kitu katika kisa hicho kilikuwa chini ya mamlaka ya mtu: ukubwa wa tundu, kifuniko chake, chumba cha nyoka kuwa karibu na chumba cha watoto.

Florida nako mambo yalianza kwa mlango. Chatu wa Burma walionunuliwa wadogo kama pambo walikua, wakawashinda wenyewe, wakaachiwa au wakatoroka, wakazaliana katika vinamasi vya Everglades. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika maeneo walikokaa kwa muda mrefu, rakuni, wanyama wadogo wa usiku wa kule, waliokuwa wakionekana kila usiku barabarani walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Chatu wa Afrika naye akapata makao karibu na Miami. Mnyama yule yule ambaye Sabaki anasaidia kuwapunguza panya, kule amekuwa janga, kwa kuwa alipelekwa asikostahili na mtu asiyejua kufunga.

Kumtunza chatu vizuri ni kazi ya ufundi, na hapa sitaki kupita haraka. Wengi hudhani kwamba Malindi, kwa joto hili letu, chatu hahitaji lolote zaidi ya sanduku. Kinyume chake. Nyoka hana joto lake mwenyewe; porini hulitafuta na hulikimbia, anatoka juani anaingia shimoni, anatoka shimoni anajitumbukiza majini. Kizimbani hana ila ulichompa. Kinatakiwa kiwe na upande wa moto, nyuzi 32 hivi, na upande wa nyuzi 25 au 26, na maficho kila upande ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Sanduku la kioo likipigwa na jua la saa nane chini ya bati linageuka tanuri, na nyoka hapigi kelele. Ukimkuta amelala ubavu, mdomo wazi, umechelewa. Likikaa na unyevu usiopepewa, anapata vidonda vya tumboni na homa ya mapafu. Utaona mapovu puani na utamsikia akikoroma. Likikauka mno, gamba halivuki zima, linabaki vipande vipande na kuganda juu ya macho. Taa ya kupasha isiyozungushiwa wavu humuunguza, maana chatu hukumbatia chenye moto na hashtuki haraka.

Halafu chakula. Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba chatu lazima apewe sungura hai mbele ya wageni. Maonyesho hayo yananiudhi kwa sababu mbili. Sungura anateseka bila haja, na panya mkubwa akikataa kufa humng'ata nyoka mpaka usaha. Watunzaji makini hutoa windo lililokwisha kuuawa, hulishika kwa koleo refu, na hawampi mara kwa mara. Chatu mkubwa anatosheka na mlo mmoja kwa wiki kadhaa. Wa kizimbani wengi hufa kwa mafuta, maana mlishaji anaona huruma, na mgeni analipia kuona akila. Akishakula asiguswe siku kadhaa, la sivyo hutapika, na kutapika kwa nyoka ni hasara kubwa. Mwili wake umeshagharamika. Uchunguzi wa chatu wa Burma umeonyesha kwamba siku mbili baada ya mlo mkubwa moyo wenyewe huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 40 ili kumudu kazi ya kusaga.

Ajali nyingi za watunzaji hutokea saa ya kulisha. Chatu ana vijishimo midomoni vinavyohisi joto, na pua yake iko kwenye ulimi. Ukimshika kuku, ukafuta mikono kwenye suruali, ukafungua kizimba, kwake wewe ni kuku mwenye joto zuri. Hajakukasirikia. Amekosea mlo, na akishakunasa hajui namna ya kuomba radhi. Kwa hiyo wanaojua kazi humgusa kwanza kwa fimbo ya ndoano ili afahamu kwamba sasa si chakula, na hakuna anayeingia peke yake kwa nyoka aliyezidi mita mbili na nusu hivi. Akiwa mrefu zaidi, ongeza mtu. Mkono wa pili ndio unaoanza kumfumua kutoka mkiani, kwa kuwa aliyekabwa hawezi kujifumua.

Niulize sasa: zile picha za shingoni, mtu wa pili yuko wapi? Mara nyingi yuko upande wa pili wa simu, anapiga picha. Shingo ndipo pabaya kuliko pote kumweka mkabaji. Naye chatu anapokezwa mkono kwa mkono mchana kutwa, akiwa na shibe au akiwa karibu kuvua gamba na haoni vizuri. Mtoto anayemshika kisha akala embe bila kunawa huweza kuondoka na salmonela, viini vya kuharisha. Hilo la picha mimi ningelipiga marufuku kesho, na kama kiingilio kitashuka, kishuke.

Atakayenijibu kwamba bila vituo vya nyoka watu wangeua wengi zaidi atakuwa na hoja, na mfano wake hauko mbali. Watamu kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Watoto wa shule na wahudumu wa afya wamejifunza pale kuwatambua nyoka na kuhudumia walioumwa, na wakazi wa maeneo ya jirani hupiga simu nyoka aje kuondolewa nyumbani badala ya kupondwa. Kituo cha namna hiyo kina sababu ya kuwapo. Chatu mmoja aliyetunzwa vizuri, mbele ya mtu anayejua kueleza tofauti yake na kifutu, anaokoa wenzake wengi. Chatu saba waliorundikwa kwenye chumba cha saruji hawafundishi kitu. Na neno "uhifadhi" lisitumiwe ovyo: chatu wetu bado yuko porini, hahitaji kizimba ili asitoweke. Anachohitaji ni msitu wa Arabuko-Sokoke usiokatwa na kichaka cha mtoni kisichochomwa.

Anayempokea chatu ajue pia amepokea kwa muda gani. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu jike wa aina ya Afrika Magharibi yenye umbo dogo, aliyepokelewa mwaka 1961, alitaga mayai mwaka 2020, umri wake ukiwa umepita miaka 60, na hakuwa amekaa na dume kwa miongo. Wetu hawakai hivyo, lakini 20 wanaipita wakitunzwa. Meneja ataacha kazi, mwenye ardhi atauza, msimu wa watalii utakufa kama ulivyokufa wakati wa korona. Nyoka bado yupo na anahitaji maji safi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kwa anayefuga mnyama wa pori. Ningependa kibali hicho kiambatane na maswali ya kawaida kabisa: ana urefu gani, kizimba kina urefu gani, anaweza kujinyoosha mzima, milango ni miwili, ufunguo anao nani usiku, daftari la kulisha liko wapi. Na mgeni wa kawaida ana haki ya kuyauliza langoni kabla hajatoa pesa.

Limebaki la mbuzi, na hapa ndipo wapenda wanyama wa mjini huniudhi. Mbuzi mmoja huku ni karo ya muhula. Huwezi kumwambia aliyempoteza kwamba chatu ni rafiki wa mkulima. Sheria hiyo hiyo imeweka shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na wanyama walioorodheshwa, na wanaosubiri malipo wanajua urefu wa foleni. Mimi napendekeza kitu kidogo na cha karibu: wenye vituo vya nyoka wa Malindi na Watamu watenge sehemu ya kiingilio, wamlipe mwenye kuku au mbuzi aliyemezwa, kwa sharti kwamba amepiga simu na hajashika panga. Nasikia tayari pingamizi, kwamba kila mbuzi aliyekufa kwa kuhara atageuka kaliwa na chatu. Lakini katika wezi wote wa mifugo, huyu ndiye pekee asiyeweza kuficha ushahidi. Akishammeza mbuzi, uvimbe unaonekana kutoka mbali na hatoki kichakani siku kadhaa. Mkaguzi ana muda wa kufika kwa bodaboda, na asipofika, picha ya simu yenye tarehe itatosha.